Wosia Alioushika Padre

Kasimiri wa Chanji aliitwa Wakili na mji mzima wa Sumbawanga, na jina hilo lilikuwa la utani. Hakuwahi kuvaa joho maishani mwake. Alikuwa karani na mkalimani wa mahakama tangu enzi za mahakama za machifu, Serikali ilipozifuta akahamia mahakama mpya, na alipostaafu akaweka meza yenye mguu mbovu barazani kwa Mzee Huseni, mwenye duka la chumvi, vitenge na mafuta ya taa. Mzee Huseni hakumdai kodi ya baraza. Alisema kila mzee anayekuja kumlilia Wakili huondoka na fungu la chumvi, kwa hiyo kilio kile kilikuwa kinamlipa yeye.

Mawakili wenyewe, wale wa joho na vitabu vinene, walikaa Mbeya na Dar es Salaam. Hata angeletwa mmoja Ufipa asingefaa kitu, kwa sababu sheria ilimkataza wakili kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, na mashauri ya wazee wa Ufipa yalianzia hapo na kufia hapo. Mtu alisimama na mdomo wake mwenyewe, au alisimamiwa na ndugu yake. Serikali ilikuwa na nia njema, haikutaka mnyonge apigwe chenga na maneno ya waliosoma. Lakini aliyeitunga sheria hiyo hakuwahi kumwona mzee wa miaka sabini na kitu akisimama mbele ya hakimu na kusahau hata jina la marehemu mke wake. Kasimiri aliwaona wengi. Ndipo akaifanya kazi yake kuwafundisha wazee kusema.

Hakuwa mwalimu mpole. Mjane aliyefukuzwa na watoto wa mume alifokewa kwanza, kana kwamba amejifukuza mwenyewe, kisha akaketishwa na kuulizwa maswali mpaka jasho limtoke. Somo lilikuwa moja, na kila mtu aliyewahi kupita barazani pale alilijua kwa moyo: mahakamani sema ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa masikio yako, basi. Ukiongeza chumvi kidogo umeharibu chungu kizima. Kasimiri alijivuna kwa jambo hilo. Wazee wake walishindwa mara nyingi, lakini hakuna hakimu aliyewahi kumkamata hata mmoja wao kwa uongo.

Zenon alimjia mwaka uliofuata Operesheni Vijiji, wakati ule wa baridi ambapo upepo wa Ufipa unapita shingoni kama wembe. Alishuka kwenye lori la Mzee Huseni lililotoka Kate na magunia, akiwa amejifunga blanketi juu ya koti, ameshikwa mkono na mwanamke wa makamo. Mwanamke huyo alikuwa Zita. Alipiga magoti, akapiga makofi ya taratibu kama desturi, akasema shikamoo, kisha akakaa nyuma ya mzee.

Kisa chao hakikuwa kigeni kwa Kasimiri, na labda ndiyo sababu kilimuuma. Zenon alikuwa mwashi wa misheni. Ujana wake wote alifyatua matofali, akajenga makanisa na nyumba za mapadre, na mwenyewe akalala chini ya nyasi. Operesheni ilipowahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kuwapanga barabarani upande wa Kate, kijiji kilimpa kiwanja na shamba kama wengine. Wenzake walilia. Zenon, uzee wake wote ule, alitoa kalibu yake ya mbao, akafyatua matofali, akayachoma, akajenga nyumba ya kwanza ya matofali aliyopata kuiita yake. Mkewe aliiona ikiezekwa, akafariki kabla ya mvua.

Watoto wa damu hawakuwa nao. Zita alikuwa mtoto wa mke. Aliingia katika nyumba ya Zenon akiwa mgongoni kwa mama yake, akalelewa, akaolewa Msanzi, akafiwa na mume, na mzee alipobaki peke yake alirudi kumpikia na kumlimia. Yeye ndiye aliyeinua matuta yale ya duara ambayo Wafipa huyaita intumba, akayafukia nyasi, akapanda maharage na ulezi. Basi mzee akaugua kifua, akalazwa hospitali ya misheni, na Zita akaenda kumuuguza. Waliporudi walimkuta Adolfu amehamia.

Adolfu alikuwa mtoto wa mdogo wake Zenon, na alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alimpokea mzee kwa heshima zote. Alimwambia Baba mkubwa karibu, wewe sasa ni wa kutunzwa, nyumba ya ukoo haiwezi kukaa tupu. Akamtandikia mkeka jikoni, nje, pamoja na kuku. Zita aliambiwa kwamba nyumba ile haina mtoto wa kike. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema majirani, lakini walisema wakiwa ndani ya nyumba zao, maana nani atagombana na balozi?

Kasimiri aliuliza maswali yake, akafoka kwa nini mzee alikubali kulala jikoni hata siku moja, kisha akafikiri. Jambo alilolipata lilimfurahisha. Shamba la ukoo wa Zenon lilibaki mahameni, likaota vichaka. Kiwanja kipya hakikutoka kwa babu wala kwa ukoo, kilitoka kwa kijiji, na kilipewa mtu aliyekuwa hai na mwenye jina. Ukoo ulikuwa na haki gani hapo?

"Hilo tu ulishike," alimwambia. "Wakikuuliza habari za babu yako, waambie babu hakupewa kiwanja hiki. Ulipewa wewe."

Zenon aliyarudia maneno hayo njia nzima, Zita alisema baadaye, kama anavyorudia mtu Salamu Maria.

Shauri lilifunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya huko huko. Kasimiri alisafiri na lori kila lilipotajwa, akakaa benchi la nyuma, kwa sharti la hakimu kwamba aache mdomo wake mlangoni. Hakimu alikuwa kijana kutoka mbali, mwenye adabu, na pembeni yake waliketi wazee wawili wa baraza. Siku ya kwanza Zenon alisema vizuri mno. Alisema kiwanja kilipimwa na nani, nani alishika kamba, tofali la kwanza aliliweka pembe ipi. Mmoja wa wazee wa baraza, aliyewahi kuchanganya udongo naye misheni, alitikisa kichwa akikubali waziwazi. Adolfu aliliona hilo. Hakuwa mjinga.

Tangu siku hiyo Adolfu hakubisha tena. Aliomba tu shauri liahirishwe. Mara ana homa, mara ana semina ya Chama, mara shahidi wake amekwenda bondeni Rukwa kufuata samaki. Kisha mvua zikakata barabara, kisha hakimu akaitwa wilayani. Kasimiri aliijua mbinu hiyo na aliichukia kuliko uongo. Kijana akiahirishiwa shauri anakasirika, mzee akiahirishiwa anakaribia kaburi, na mwenye kushindana na mzee hahitaji hoja, anahitaji kalenda. Watu husema subira yavuta heri. Kasimiri alisema barazani kwa Huseni kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye meno yote.

Na kweli Zenon alikuwa anayeyuka. Kila safari blanketi lilizidi kuwa kubwa na yeye kuwa mdogo. Kasimiri akaanza kukosa usingizi kwa jambo moja. Mzee akifa kabla ya hukumu, shauri halitamfuata kaburini. Ukoo utakaa matanga, utamteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo ndiye atakayesimama mahali pa marehemu. Ukoo wa Zenon ungemteua nani kama si balozi wake? Adolfu angekuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja, na Zita, asiye na tone la damu yao, angekuwa mgeni aliyekaa sana.

Dawa ilikuwepo. Kwa mila zilivyoandikwa na Serikali, mzee angeweza kutoa wosia kwa mdomo, mbele ya mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Amtaje Zita, amtaje na msimamizi, yaishe. Wawili wa nje walikuwa rahisi, Epifania jirani yake na Uledi dereva wa lori. Wawili wa ukoo walikuwa kazi. Kasimiri alizunguka vijiji kwa miguu, akabembeleza, akatishia kwa vifungu, mpaka akampata binamu mmoja mzee aliyeitwa Sebastiani, mpenda pombe ya ulezi lakini mwenye deni la wema kwa Zenon, na mwingine aliyekuwa amekosana na Adolfu kwa ajili ya mpaka.

Walikutana kwa Epifania, mchana, Adolfu akiwa kwenye shamba la ujamaa. Zenon alikalishwa kwenye kigoda juani. Kasimiri aliwapanga mashahidi, akamwambia Zita atoke kwa kuwa si vizuri anayetajwa awepo, kisha akamwinamia mzee na kumwomba aseme.

Zenon aliwatazama mmoja mmoja. Akapiga makofi ya taratibu kuwashukuru kwa kuja, akasema, "Wosia wangu nimekwisha kuutoa. Ameushika Padre."

Kasimiri alifurahi, kwa muda mfupi sana. Akauliza ulitolewa lini, na nani mwingine alikuwepo. Mzee akajibu kwamba hapakuwa na mwingine, wangekuwepoje? Alikuwa kwenye kitubio. Alikwenda kuungama chuki aliyokuwa nayo kwa Adolfu, na alipokuwa pale, amepiga magoti, moyo umefunguka, alieleza yote, mali yake ni ya nani na nani aisimamie. Padre alimsikiliza mpaka mwisho na kumwondolea dhambi. Ni shahidi gani tena atakayempita huyo?

Wengine mtacheka. Wakaao Ufipa hawacheki, maana wanajua padre alikuwa nani kwa mzee kama yule. Zenon alijenga nyumba za mapadre kwa mikono yake na hakuwahi kusikia mmoja wao akisema uongo. Kwake yeye mashahidi wanne walikuwa watu wanne wa kuhongwa, na Padre alikuwa mmoja asiyehongeka. Alichagua kwa akili timamu kabisa. Alichosahau ni kile ambacho Mkatoliki yeyote anakijua tangu komunyo ya kwanza, na ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria kwa habari ya nyumba na shamba.

"Mzee wangu," Kasimiri alisema, na safari hii hakufoka, "Padre hawezi kulisema neno la kitubio."

"Padre hawezi kusema uongo."

"Hawezi kusema kabisa. Hata akichinjwa."

Zenon alifikiri. Kasimiri alimwona akifikiri, na akatumaini. Kisha mzee akatikisa kichwa. Alisema kama Padre hawezi, Mungu aliyekuwa akisikia atamwezesha, na kwamba neno alilokwisha kulikabidhi kwa Mungu hatalirudia mbele ya Sebastiani kana kwamba Mungu ni kiziwi. Sebastiani alichukia, akasimama, akauliza kama kuna pombe. Hapakuwa na pombe. Wakatawanyika.

Kasimiri alikwenda moja kwa moja parokiani. Padre alikuwa Mfipa kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza, na uso wake haukusema lolote. Alisema hawezi kusema kama mzee huyo aliungama au hakuungama, wala kumkumbusha nje ya kitubio jambo ambalo hajaambiwa nje ya kitubio. Kasimiri alimwomba basi amshauri tu. Padre alisugua magoti yake. Mwishowe alisema Jumapili anaweza kuhubiri kuhusu wosia, kwa watu wote, kwani hilo ni fundisho jema kwa kila mtu.

Akahubiri kweli. Alihubiri kwa uchungu hata kina mama wakajipangusa macho. Alisema Mkristo asiwaachie walio hai ugomvi, aseme neno lake wazi, mbele ya watu, angali na pumzi. Kasimiri alikuwepo, akamtazama Zenon kwenye benchi la mbele. Mzee alikuwa anatabasamu. Walipotoka, alimshika Zita bega akamwambia amesikia? Padre hajasahau. Ile kazi yake anaikumbuka vizuri, mpaka anaitolea mahubiri. Tangu siku hiyo ungemwambia habari ya mashahidi angekuona kama mtu asiyekwenda kanisani.

Alikufa mvua za masika zikiwa zimepamba moto, jikoni, Zita akimkorogea uji. Shauri lilikuwa limeahirishwa.

Mambo yalikwenda kama Kasimiri alivyoogopa, bila hata kona moja ya kushangaza. Ukoo ulikaa, ukamteua Adolfu. Kasimiri alimfundisha Zita kupeleka pingamizi, na siku ya pingamizi mahakama ilijaa. Padre alikuja pia. Hakuna aliyemwita. Aliingia na kanzu yake iliyochafuka matope pindoni, akakaa benchi la nyuma, karibu na Kasimiri, bila kumtazama.

Hakimu alimuuliza Zita kama ana damu ya marehemu. Hana. Kama kuna wosia. Zita alisema upo, Baba aliutoa kwa Padre. Watu wote waligeuka. Hakimu, kwa sauti ya chini, akamuuliza Padre kama ana neno la kuieleza mahakama. Padre alisimama. Akasema hana neno, akakaa, akafunika uso kwa viganja. Ukoo ulinong'ona kwamba hata Padre amemkana.

Hapo Kasimiri akajikuta amesimama. Hakimu hakumfokea. Alimtazama muda, na pengine alimhurumia, maana alimfungulia mlango ambao hakuwa na lazima ya kuufungua. Alisema huyu si ndugu, hawezi kumsemea mtu, lakini shahidi wa wosia anaruhusiwa. Akauliza, "Mzee Kasimiri, ulikuwepo kwa Epifania. Marehemu alimtaja binti huyu kuwa mrithi wake? Ulisikia?"

Epifania alikuwa anamtazama. Uledi alikuwa anamtazama. Hata Sebastiani, mbele kule na ukoo wake, alikuwa ameinua uso, na Kasimiri aliona wazi kwamba akisema ndiyo, watatu wale wangesema ndiyo, na pengine wa nne naye, kwa ajili ya mpaka wake. Neno moja tu. Na lingekuwa kweli, kwa sababu nani hakujua moyo wa Zenon? Wazee wa baraza walikuwa wameinamia mbele. Adolfu aliacha kuchezea kofia yake.

"Hakulitaja jina," Kasimiri alisema. "Sikulisikia."

Akakaa. Pingamizi likatupwa, na hakimu akaita shauri la nyumba. Alipouliza nani anasimama kwa niaba ya mdai, marehemu Zenon, Adolfu alitoka upande wa mdaiwa aliokuwa amesimama mwaka mzima, akapita mbele ya meza, akasimama upande wa pili. Akasema kwa niaba ya Baba mkubwa, anaomba kuliondoa shauri hili. Yule mzee wa baraza aliyewahi kuchanganya udongo na Zenon alitazama ukuta. Hakimu aliandika.

Adolfu hakuwa na roho mbaya siku ile, alikuwa ameshinda. Alimruhusu Zita achukue vyungu vyake na kalibu ya matofali, kwa kuwa haikuwa na kazi. Zita na Kasimiri wakapanda lori kurudi mjini, Zita akitaka kuunganisha mpaka Msanzi, na Kasimiri akakaa naye juu ya magunia kwa kuwa hakuona vema kukaa mbele na dereva. Walikwenda mwendo mrefu. Pembeni mwa barabara intumba zilikuwa zimeota maharage, mistari kwa mistari, nyingine bila shaka ni zake.

"Baba Wakili," Zita alisema mwishowe, bila ukali, kama anauliza njia. "Padre amekatazwa na Mungu. Wewe ulikatazwa na nani?"

Kasimiri alianza kumweleza. Alimweleza habari ya kiapo, na ushahidi wa kusikia na wa kutosikia, na kwamba uongo mmoja ungeharibu mashauri ya wazee wengine wote watakaokuja. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na alijichukia kwa kila neno. Zita alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akapiga makofi ya taratibu, kama alivyolelewa, akamshukuru kwa taabu yake yote, akaipakata kalibu na kugeukia upande wa mashamba.